Usivunje Jiko Zima kwa Sababu ya Ubavu Mmoja wa Kabati

Juma lililopita msomaji mmoja wa Dar es Salaam aliniandikia kwamba ubavu wa kabati lililo chini ya sinki lake umevimba upande wa chini, na fundi aliyeitwa kuutazama amempa jibu moja tu, kwamba makabati yote yavunjwe yatengenezwe mapya. Aliniuliza kama hakuna njia nyingine. Njia ipo, nami naifahamu vizuri, kwa sababu kabati langu lilipatwa na hali hiyo hiyo, nikapewa jibu hilo hilo, nikalikataa, na leo kabati hilo limesimama wima na graniti yake iko juu bila ufa.

Fundi wa kwanza aliyekuja kwangu alifungua mlango, akaubonyeza ubavu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia mume wangu, ambaye wala siye aliyemwita, akamwambia, "Mzee, hapa hakuna kitu, tubomoe tu." Nilipouliza kwa nini ubavu ule usibadilishwe peke yake, alinijibu, "Mama, mambo ya bodi hayako hivyo." Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma, kwa kuwa mimi ndiye niliyelilipia jiko lile na mimi ndiye ninayelitumia kila siku. Alichokuwa akiniuzia ni kazi kubwa mahali palipohitaji kazi ndogo.

Makabati mengi ya kujengea jikoni hutengenezwa kwa chipubodi ya unene wa milimita 16 au 18 iliyofunikwa melamini, yaani utando mgumu wa juu unaoipa rangi. Chipubodi ni vipande vidogo vya mti vilivyogandamizwa pamoja na gundi, na ule uso wake laini hauna shida na maji. Penye udhaifu ni kwenye kingo zilizokatwa, hasa ule wa chini ambao mafundi wengi huuacha wazi kwa kuwa hauonekani. Maji yakipenya hapo, vipande hunenepa na gundi huachia, na hata ubao ukikauka haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Kwa hiyo anayekuambia upake rangi au ubandike karatasi mpya juu ya uvimbe anakupotezea fedha, sawasawa na yule anayetaka kubomoa kila kitu.

Fundi niliyempata baadaye, kijana mtulivu wa Keko, hakugusa skrubu hata moja kabla ya kutafuta maji yalikotoka. Alizungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo cha bomba lililopinda chini ya sinki, akajaza sinki, akayaachia maji yote kwa mara moja, kisha akatazama ni karatasi ipi iliyolowa. Nati moja ilikuwa ikidondosha. Juu ya hilo, ubavu wenyewe ulikuwa umekaa moja kwa moja juu ya vigae, kwa hiyo kila tulipopiga deki ulikuwa ukinywa maji. Nawasihi akina mama na akina baba wenzangu: fundi asiyeweza kukuonyesha maji yanatoka wapi asikuuzie makabati mapya, kwa sababu hayo nayo yatavimba.

Jambo la pili ni kujua huo ubavu ni wa aina gani. Baadhi ya majiko yana bodi ya pambo iliyofungwa nje ya kabati la mwisho, na hiyo hutoka kwa kufungua skrubu chache kutoka ndani. Wakati wa kuirudisha, angalia urefu wa skrubu: bodi mbili za milimita 16 zina unene wa milimita 32, basi skrubu ya 35 itatokeza upande wa pili. Ubavu wangu haukuwa wa pambo, ndio uliobeba kabati, na hapo uangalifu ni wa lazima. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na haiwezi kuachwa ikining'inia. Tulifunga maji, tukatoa milango na rafu, kisha kijana akasimamisha nguzo za mbao karibu na ubavu ule, akazikaza kwa kabari mpaka zikabeba uzito, huku pimamaji likiwa juu ya graniti muda wote. Ndipo akafungua skrubu. Ikiwa kabati lako lilijengewa papo hapo na ubao mmoja unatumika kwa makabati mawili, kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa rafu na sakafu za pande zote mbili lazima zishikiliwe.

Usiutupe ubavu wa zamani. Huo ndio kielelezo chako. Bawaba nyingi za kisasa zinazojificha ndani hufungwa kwa matundu yaliyo milimita 37 kutoka ukingo wa mbele na yenye nafasi ya milimita 32 kati yake, na ukikosea kidogo tu mlango utakwaruza jirani yake. Sisi tuliulaza wa zamani juu ya mpya, tukahamisha kila tundu kwa penseli. Nilikwenda nao hata dukani kulinganisha rangi, kwani nyeupe ya leo na nyeupe iliyokaa jikoni miaka mingi hazifanani.

Kuhusu gharama, bodi ya futi 8 kwa 4 hutoa mbavu sita za sentimita 72 kwa 56, kwa hiyo kununua bodi nzima kwa ajili ya ubavu mmoja ni hasara. Ulizia kipande kwenye karakana zinazokata bodi kwa mashine. Karibu na sinki mimi nilichagua marini bodi, yaani plaiwudi yenye gundi inayostahimili maji, na sijutii bei yake. Kingo zote nne zibandikwe utepe, ule wa chini upakwe silikoni, na kabati liinuliwe juu ya miguu ya plastiki ili lisiguse vigae tena.

Dada uliyeniandikia, kabla fundi hajarudi, fanya kipimo cha karatasi, kisha pima urefu, kina na unene wa ubavu huo mahali ambapo haujavimba. Tazama pia kama upande wa pili wa ubao huo kuna kabati lingine linaloutegemea. Nitumie majibu hayo, nami nitakuandikia cha kumwagiza fundi, neno kwa neno.