Kabla godoro halijapanda basi

Mwanangu wa kwanza alikwenda kuripoti chuo akiwa na godoro la futi mbili na nusu, ndoo na barua ya udahili. Chuo chenyewe hakuwahi kukiona. Tulikichagua tukiwa sebuleni kwetu Tanga, kwa kusikia tu kwamba ni kizuri. Jina silitaji, maana uzembe ulikuwa wetu. Alipofika akaambiwa vyumba vya hosteli vimeisha, akakaa wiki mbili kwa kubebwa, yaani kulala mzungu wa nne na kijana ambaye hata hawakuwa wanafahamiana. Baada ya hapo tukaanza kulipia chumba mtaani, pesa ambayo haikuwamo kwenye hesabu yoyote tuliyopiga.

Zamu ya mdogo wake ilipokaribia, msichana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) ambaye tangu darasa la tatu wimbo wake ni udaktari tu, nikamwambia baba yao: safari hii twende tukaone kwa macho.

Kilichoniumiza kichwa kuliko nauli ni tarehe. Wazazi wengi husubiri mtihani wa kidato cha sita uishe mwezi Mei. Ukifanya hivyo umechelewa. Mtoto hakai sana anaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, matokeo yanatoka, dirisha la udahili linafunguliwa, na vyuoni kwenyewe wanafunzi wanafunga. Ukienda Agosti utakuta majengo na walinzi. Wakati mzuri ni likizo ya Juni, ile ya kati ya kidato cha tano na cha sita. Vyuo viko muhula wa pili, kumbi zimejaa, foleni za chakula unaziona, na mtoto bado ana karibu mwaka mzima wa kupigania alama za kozi anayoitaka. Sisi tulitoka Juni hiyo, siku sita, watu wanne: mimi, baba yao, binti, na mdogo wake wa miaka kumi na mmoja ambaye hatukuwa na wa kumwachia.

Tena nenda siku za kazi. Chuo kimoja nilikipigia simu siku tatu mfululizo bila kupokelewa, nikasema liwalo na liwe, tukafika Jumamosi. Ofisi zote kufuli. Namshukuru mlinzi wa getini, aliyetueleza habari za maji na usalama wa usiku pengine kuliko ambavyo ofisi ingetueleza.

Dar tulifikia kwa wifi yangu, ikawa tumeokoa pesa ya gesti. Muhimbili ndiko binti alikokuwa anakutaka. Pale chuo na hospitali ya taifa ni pua na mdomo, na hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo kila mzazi wa mtoto anayetaka kozi za afya aende nalo: mafunzo ya vitendo atayafanyia hospitali gani, na atafikaje? Dodoma vilevile jibu ni rahisi, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko huko huko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Kwingine uliza mpaka utajiwe hospitali kwa jina na nauli ya kufika.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatukuwa na shida napo sana, ila baba yao alisoma pale, basi. Alitoa kwenye pochi noti ya zamani ya shilingi 500 aliyoitunza, akatuonyesha Nkrumah Hall iliyochorwa nyuma yake, kisha akatusimamisha mbele ya Nkrumah yenyewe juani. Kila kona ina kisa: hapa tuligoma, hapa tulikula maharage ya hivi na hivi. Saa nzima binti hajauliza swali hata moja, anahamisha mguu tu. Mzazi aliyewahi kusoma chuo mnachotembelea ni wa kuangaliwa kwa karibu. Hadithi zake zisubiri jioni.

Tangu hapo tukawekeana sharti. Tukifika, sisi wazazi tunatafuta kantini tunakaa, binti anazunguka na daftari lake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kufunguka mbele ya mama wa watu aliyejitanda khanga na mkoba kwapani. Akiwa na msichana mwenzake, anasema yote: hosteli anapata nani baada ya mwaka wa kwanza, maji yakikatika wanachota wapi, somo lipi linawapa watu sapu (mtihani wa marudio), wangapi walidisko (waliondolewa chuo kwa kufeli) mwaka jana, na bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, huisha wiki ya ngapi. Hili la bumu lipigieni hesabu papo hapo. Mwaka 2022 serikali ilipandisha fedha ya chakula na malazi ya wanaopata mkopo kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Binti alikwenda kwa mama ntilie wa nje ya geti, akaandika bei ya chai na chapati, ya wali maharage, ya ugali na dagaa, akajumlisha na pango la chumba. Kwa mara ya kwanza nilimwona ananyamaza mbele ya hesabu.

Morogoro tulikwenda kwa SGR, ile treni mpya ya umeme. Ilipoanza Juni 2024 nauli kutoka Dar ilikuwa 13,000, na mtoto hulipa nusu. Fikeni stesheni mapema, haina habari ya "konda subiri". Pia stesheni ya Morogoro iko mbali na mjini, wekeni akiba ya bajaji.

SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, niliiweka kwenye ratiba mimi, na binti alinuna. "Mama, mimi na kilimo wapi na wapi?" Mdogo wake ndiye aliyefurahi, kwa kuwa alisikia habari za panya wa shirika la APOPO wanaofundishwa pale kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Tukawaacha watangulie. Tulipowafuata tuliwakuta wamesimama kwenye uzio wa mabomba, ng'ombe mmoja kabanwa, na msichana mwembamba aliyevaa buti za mpira na ovaroli, glavu ya plastiki imempanda hadi begani, mkono wote umezama nyuma ya ng'ombe. Amefumba macho. Mwalimu wake anamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeipata?" Yule dada akatikisa kichwa, akasogeza bega kidogo, halafu akatabasamu huku macho bado kafumba. "Mimba ya miezi minne," akasema. Binti yangu akageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyejibu. Tulikaa pale dakika arobaini. Mdogo wake alikwisha wasahau panya. Binti akamfuata yule dada hadi bombani anakonawa, wakaongea, mimi sikusogea. Nilichoambiwa baadaye ni kwamba udaktari wa mifugo nao ni miaka mitano.

Dodoma nitasema moja tu: tembeeni kwa miguu. UDOM ni pana, vitivo vyake vimetawanyika vilimani, na ramani ya kwenye simu haikuonyeshi jua la saa saba wala upepo wenye vumbi. Mwambieni mtoto atoke hosteli hadi ukumbi wa masomo akiangalia saa.

Kwenye mageti na vituo vya mabasi mtakutana na vijana wenye mabahasha wanaoahidi kuwashikia nafasi kwa malipo kidogo. Maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, na kozi zinazotambulika zimo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, pamoja na alama zinazotakiwa. Usomeni nyumbani kabla ya safari, msije mkaichumbia kozi ambayo tahasusi ya mtoto, yale masomo anayosoma kidato cha tano na sita, haiiruhusu.

Kama mfuko haujakaa vizuri, nendeni chuo kimoja tu, mzazi mmoja na mtoto. Sisi wenyewe tulirudi Tanga na madeni madogo mawili, na baba yao alilala hadi Segera.

Na msimuulize mtoto kwenye basi amependa kipi. Mimi niliuma ulimi njia nzima. Usiku wa pili tangu turudi, daftari alilisahau mezani, nami ni mama, nikalifungua. Muhimbili ameandika ukurasa mzima, alama za kuingilia zimepigiwa mstari mara mbili. Dodoma: "dk 25, jua kali, hosteli nzuri." Ukurasa wa Morogoro ulikuwa na bei ya buti za mpira, saizi ya mguu wake, na namba ya simu ya yule dada.