Muuaji hupatikanaje kupitia ndugu zake? Jibu kwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwandishi wa riwaya, naishi Tanga. Ninaandika hadithi inayotokea Sweden: wapelelezi wawili wanamsaka muuaji wa mfululizo aliyeacha kofia kwenye eneo la tukio. Katika rasimu yangu wanapeleka unywele mmoja maabara asubuhi, na jioni kompyuta inawatajia jina la muuaji kwa sababu binamu yake aliwahi kupima DNA. Rafiki yangu anasema haiwezekani. Lakini nimesoma kwamba huko Sweden kweli kuna muuaji alinaswa kwa njia ya ukoo baada ya miaka karibu 16. Naomba unieleze kazi hii hufanywaje, hukwamia wapi, na kama ingewezekana nikihamishia hadithi huku kwetu.

JIBU: Ndugu mwandishi, kesi uliyoisoma ni ya Linköping, mji wa Sweden, na inafaa sana kuijengea riwaya yako, kwa hiyo nitaifuata hiyo. Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 2004 mtoto wa kiume wa miaka 8 alichomwa kisu akiwa njiani kwenda shule. Mwanamke wa miaka 56 aliyekuwa anakwenda kazini naye akachomwa. Wote wawili walifariki. Muuaji alikimbia akaacha kisu na kofia ya kufuma, na vinasaba vyake vikapatikana. Polisi walichukua sampuli za mate za wanaume zaidi ya 6,000, wala hakuna aliyelingana. Alikuja kukamatwa Juni 2020. Yeye hakuwa muuaji wa mfululizo. Wa mfululizo ni mwingine, wa California, Marekani, aliyekamatwa Aprili 2018 kwa mbinu hiyohiyo, akaja kukiri mauaji 13. Kesi ile ya California ndiyo iliyowafungua macho polisi wa nchi nyingine.

Rafiki yako yuko sahihi kuhusu ile jioni. Kompyuta haitaji jina la muuaji. Inatoa orodha ya watu wenye undugu naye wa mbali, ambao wengi wao hata hawajui kama yupo. Jina hutoka kwenye makaratasi, na hapo ndipo wapelelezi wako watakapotumia muda wao mwingi.

Kwanza uelewe kwa nini vinasaba vilikuwepo miaka yote hiyo bila kusaidia. Kipimo cha kawaida cha polisi husoma sehemu chache tu za vinasaba, kati ya 16 na 24 kutegemea nchi na vifaa vya maabara, zile ambazo kipande kifupi hujirudia mara nyingi na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Zinatosha kabisa kusema damu hii ni ya huyu na si ya yule. Zinaweza pia kumdokeza mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyemo kwenye kanzidata ya polisi. Ukivuka hapo, hazisemi kitu. Muuaji wa Linköping hakuwemo kwenye kanzidata, basi kipimo kikawa kinauliza swali ambalo hakuna wa kulijibu.

Utafutaji wa ukoo hutumia usomaji mwingine kabisa: herufi moja moja za vinasaba, takriban 600,000 hadi 700,000, zilizotawanyika kwenye kromosomu zote, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba. Ndicho wanachopima watu wa kawaida wanapotuma mate kwenye kampuni za kutafuta asili yao.

Sasa unywele wako. Kama umekatika bila mzizi, maabara ya kawaida itapata humo vinasaba vya mitokondria tu, yaani vile vichache vilivyo nje ya kiini cha chembe, ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake na huwa sawa kwa mamia ya watu wa ukoo huo wa kikeni. Kuna maabara chache zinazoweza kuvuta zaidi ya hapo, lakini usiitegemeze hadithi juu yao. Mpe muuaji wako jeraha. Anayemchoma mtu kisu mara nyingi hujikata mwenyewe, kwa sababu mpini ukilowa damu mkono huteleza ukafika kwenye makali. Tone dogo la damu la mikrolita 1 lina chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000, na kila chembe hubeba pikogramu 6 hivi za vinasaba. Pikogramu 1,000 ni nanogramu 1, kwa hiyo hapo una nanogramu 24 au zaidi. Kipimo cha kawaida cha polisi hutaka nanogramu 1 au hata nusu yake. Chipu ya kusoma herufi laki sita hupendelea kama nanogramu 200, kwa hiyo sampuli ndogo na kuukuu hupelekwa kwenye usomaji wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, na Linköping ndivyo ilivyofanyika.

Hapa pana kosa linaloua kesi nyingi kimyakimya, na ningependa ulitumie kwenye riwaya kwa sababu ni la kweli na halionekani kwa macho. Kila mahali kwenye kromosomu una herufi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sampuli iliyochakaa hupoteza moja, na mashine inaandika kana kwamba zote mbili ni sawa. Programu inayolinganisha watu wawili hutafuta vipande virefu visivyo na mgongano. Herufi chache zilizosomwa vibaya zikiangukia katikati ya kipande kirefu, kipande hukatika vipande viwili au vitatu vifupi. Vikishuka chini ya kima cha chini, ambacho mara nyingi ni sentimogani 7 (kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba), vinatupwa. Binamu wa kweli anatoweka kwenye orodha, na mpelelezi anaambiwa muuaji hana ndugu humo. Dawa yake ni kuisoma sampuli tena na tena hadi kila herufi iwe imepita mara nyingi za kutosha, kisha kufuta zile zenye shaka badala ya kuzikisia.

Faili likiwa safi hupandishwa kwenye kanzidata ya watu waliopima asili yao. Si kila moja. Kampuni za kupima asili za Ancestry na 23andMe hazipokei mafaili ya polisi. Zinazotumika ni GEDmatch, ambako tangu Mei 2019 polisi huona tu watu waliokubali wenyewe, na FamilyTreeDNA. Linköping zilitumika zote mbili.

Orodha inayorudi hupimwa kwa sentimogani, yaani jumla ya urefu wa vipande ambavyo watu wawili wanashiriki. Mzazi na mtoto ni kama 3,400. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kama 2,600. Wajukuu wa babu na bibi mmoja, yaani binamu wa kawaida, ni wastani wa 870. Vitukuu wa jozi moja ya mababu, 230 hivi. Vilembwe (watoto wa vitukuu) wa jozi moja, karibu 70, na kwenye kila kumi mmoja hivi hana hata kipande kimoja kinachoonekana, ingawa undugu ni wa kweli. Viwango hivi hupishana, kwa hiyo mtu wa sentimogani 90 anaweza kuwa kilembwe mwenzake au undugu mwingine uliopinda njiani. Katika kesi nyingi unapata vilembwe na walio mbali zaidi. Usimpe mpelelezi wako binamu wa kwanza, maana hadithi itaishia ukurasa wa 40.

Kilembwe mmoja ana maana gani kwa hesabu? Muuaji ana jozi 8 za mababu wa ngazi hiyo, na hujui ni ipi wanayochangia. Ukiipata, unageuka na kushuka kizazi kwa kizazi. Tuseme kila mtu alizaa watoto 4: jozi moja inatoa watoto 4, wajukuu 16, vitukuu 64, vilembwe 256. Hiyo ni jozi moja tu. Kinachookoa kazi ni kupata mtu wa pili kwenye orodha, wa upande mwingine wa familia ya muuaji. Unashusha mti wa kwanza, unashusha na wa pili, kisha unatafuta mahali ambapo mtu wa mti huu alifunga ndoa na mtu wa mti ule. Watoto wa ndoa hiyo peke yao ndio wenye damu ya pande zote mbili. Mtaalamu wa nasaba Peter Sjölund alipoipitia orodha ya Linköping aliishia kwa ndugu wawili wa kiume. Hapo ndipo njia hii hufika, haiendi mbele zaidi: vinasaba vya ukoo haviwezi kukuambia ni yupi kati ya ndugu hao. Huo ni wakati mzuri sana wa kuuandikia sura nzima.

Sweden inafaa kwa kazi hii kwa sababu ya vitabu vya makanisa. Sheria ya kanisa ya 1686 iliwalazimisha wachungaji kuandika waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Zaidi ya hapo kulikuwa na daftari la nyumba kwa nyumba: mchungaji alipita akiwapima watu kusoma na katekisimu, yaani mafundisho ya dini, akaandika nani anaishi wapi, alitoka parokia gani, alihamia wapi. Usajili ulikuja kuhamishiwa kwa mamlaka ya kodi mwaka 1991, na kila mkazi ana namba yake tangu 1947. Jambo ambalo wasomaji wako wa huku watalielewa upesi: hadi mwishoni mwa karne ya 19 watu wengi wa vijijini walibeba jina la baba, kwa hiyo mwana wa Anders aliitwa Andersson na mwanawe yeye akaitwa jina lingine. Mpelelezi anayefuata jina la ukoo hupotea; hufuatwa shamba, parokia na tarehe ya kuzaliwa.

Na usishangae ndugu wa kwanza kwenye orodha akitokea Minnesota. Waswidi zaidi ya milioni moja walihamia Marekani kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1920, na vizazi vyao ndio wapimaji wakubwa wa asili. Kijiji kizima cha Sweden kinaweza kisiwe na hata mtu mmoja aliyepima, muuaji wake akapatikana kupitia bibi wa Minneapolis.

Mti nao hudanganya. Mtoto aliyeandikwa kwa baba asiye wake huvunja tawi zima, na kasisi hakuwa na njia ya kujua. Vijiji ambako watu wameoana ndugu kwa ndugu kwa vizazi huongeza sentimogani, hivyo jamaa wa mbali anaonekana wa karibu. Dalili yake ni vipande vingi vifupi badala ya vichache virefu.

Jina likipatikana bado si ushahidi. Anachukuliwa sampuli, inapimwa kwa kile kipimo cha kawaida cha polisi, inalinganishwa moja kwa moja na iliyotoka kwenye kisu. Hiyo ndiyo inayokwenda mahakamani. Huko Sweden, ukisha kuwa na mshukiwa, upelelezi huongozwa na mwendesha mashtaka, si mkuu wa wapelelezi, na mahakama lazima isikilize ombi la kumweka mahabusu ndani ya siku 4 tangu akamatwe. Kama hadithi yako inatokea baada ya 1 Julai 2025, sheria ya Sweden sasa inawapa polisi ruhusa ya wazi kutumia mbinu hii kwa mauaji na ubakaji mkubwa. Ukiiweka kati ya 2020 na hapo, wape wanasheria nafasi ya kuipinga.

Kwa muda, ondoa jioni moja. Usomaji wa jenomu na kusafisha faili ni wiki kadhaa, na mti unaweza kuchukua siku chache ukiwa na bahati au miezi ukikosa.

Kuhusu Tanga: Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba vya kesi za jinai, kwa hiyo sehemu ya kulinganisha sampuli na mshukiwa unaweza kuiweka huku bila wasiwasi. Kinachokosekana ni ndugu kwenye kanzidata, kwa kuwa wengi waliomo wana asili ya Ulaya, na vyeti vya kuzaliwa vya zamani ni vichache. Badala ya daftari la kanisa mpelelezi wako angekaa barazani na wazee wanaoshika nasaba hadi babu wa saba, na angehitaji angalau jamaa wawili wa pande tofauti waliohamia Ulaya au Amerika ya Kaskazini wakapima asili huko. Mpe muuaji wako jamaa wa mbali wa upande wa baba Stockholm na mwingine wa upande wa mama Toronto, na njia inafunguka.