Maswali Yenu: Nyambizi iliyozamishwa makusudi

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mdogo wangu yuko Norway kule kaskazini kabisa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, juzi kanipigia ananiambia wenzake wanasema Warusi walitupa taka za nyuklia baharini hadi nyambizi nzima wakaizamisha. Kweli au stori tu? Na hao samaki wanalika? Mama Rehema, Tanga

JIBU: Salama Mama Rehema. Sio stori, na wala sio siri tena, maana mwaka 1993 Urusi yenyewe ilitoa ripoti chini ya Alexei Yablokov, mshauri wa mazingira wa Rais Yeltsin, ikakiri kwamba enzi za Usovieti walitupa kwenye Bahari ya Kara, kule kaskazini kabisa mwa Urusi, pembeni ya visiwa vya Novaya Zemlya, maelfu ya makontena ya taka za mionzi pamoja na vinu vya nyuklia (mitambo ya kuzalisha nishati) zaidi ya kumi, vingine bado vina fueli ndani. Na kontena likigoma kuzama, mabaharia walikuwa wanalipiga risasi litoboke. Eti ndo usalama huo!

Hiyo nyambizi inaitwa K-27. Kinu chake kiliharibika 1968, mabaharia 9 wakafa kwa mionzi, sasa 1982 wakaijaza lami na kemikali nyingine kuziba kinu halafu wakaizamisha kwenye ghuba ya Stepovoy, huko huko Novaya Zemlya, kina mita 30 na kidogo tu, yaani minazi miwili ukiisimamisha mmoja juu ya mwingine. Kinachoniudhi mimi ni kwamba Usovieti walishaingia kwenye Mkataba wa London unaokataza kutupa taka kali za nyuklia baharini, ila wakatupa hivyo hivyo.

Samaki mwambie ale tu. Wataalamu wa Norway na Urusi walienda pamoja pale 2012 wakapima, hawakukuta K-27 inavuja kwa maana ya kutisha, na samaki wa Bahari ya Barents, iliyo kaskazini mwa Norway na Urusi, wanapimwa mara kwa mara, mionzi yao iko chini sana ya kikomo.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa nyambizi nyingine, K-159, hii haikutupwa, ilizama Agosti 2003 ikivutwa kwenda kukatwa chuma chakavu, dhoruba ikaikumba, watu 9 wakafa, na fueli yake imo humo humo, tena iko kwenye Barents yenyewe wanakovua. Mwaka 2020 Urusi ilitangaza mpango wa kuzinyanyua nyambizi zote mbili na vitu vingine vinne vya nyuklia vilivyotupwa, Wazungu wakawa tayari kusaidia hela, ila ilipokuja vita ya Ukraine 2022 ushirikiano ukafa. Mpaka leo ziko chini.