Mkono ndo unauma, kumbe tatizo lipo shingoni

Mi ni fundi cherehani, mwaka wa 14 sasa naishi nimeinamisha shingo. Mwaka jana msimu wa sare za shule nikaanza kusikia maumivu nyuma ya bega la kulia, nikajua nimelala vibaya tu, nikachua dawa nikaendelea na kazi. Baada ya wiki maumivu yakashuka nyuma ya mkono mpaka kidole cha kati, na siyo maumivu yale ya kuchoka, ni kama umeshika waya wenye shoti, nikikohoa inapiga, nikitazama juu inapiga zaidi. Alafu ganzi ikaingia. Nashika sindano, naiona kwa macho kabisa ipo kati ya vidole, lakini kidole hakinipi habari yoyote, mara nasikia tu imedondoka sakafuni.

Usiku ndo ilikuwa balaa. Kitu pekee kilichonipa nafuu ni kuweka mkono juu ya kichwa, na mama kila akinikuta hivyo ananiambia toa mkono kichwani mwanangu, nani kafa? Nilipomweleza daktari hilo akasema ndo dalili mojawapo inayoonyesha shida iko shingoni, maana ukiinua mkono hivyo mshipa wa fahamu unalegea kidogo.

Kabla ya hapo nilishazunguka sana, nimepigwa eksirei ya bega, nimepewa vitamini. Eksirei inaonyesha mifupa, diski haionekani. MRI, kile kipimo cha picha kinachoonyesha mpaka vitu laini, ndo ikaonyesha diski ya kati ya pingili ya 6 na ya 7 za shingo imetoka. Yaani kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo wenye ute katikati, ukuta wake ukichanika ute unatokeza na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, kwahiyo kinachobanwa kipo shingoni ila kelele unazisikia kwenye vidole. Ukibanwa hapo nilipobanwa mimi mara nyingi ni kidole cha kati, pingili moja juu yake ni gumba na cha shahada, chini yake ni kidole kidogo. Haiwi hivyo kwa kila mtu, lakini ukienda hospitali usiseme tu mkono unakufa ganzi, taja vidole.

Na nguvu, jamani, nguvu muiangalie sana kuliko maumivu. Mi nilikuwa naweza kukunja mkono na kubeba ndoo vizuri, ila kusukuma siwezi, kujiinua kwenye kiti kwa mkono wa kulia nashindwa, pasi naiona nzito. Maumivu yakipungua huku mkono unazidi kulegea, usishangilie, rudi hospitali. Na ukiona miguu inayumba, vifungo vya shati vinakushinda, au haja ndogo inakusumbua, nenda siku hiyohiyo, hapo inawezekana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo ndo umebanwa. Mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua, shughulikia moyo kwanza.

Kwa kinyozi usikubali kuzungushwa shingo mpaka ilie, hata kama umezoea, na we mwenye ganzi ndo usithubutu kabisa.

Sikupasuliwa. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 kwa dawa, mazoezi ya fiziotherapia na kuacha kinachoiumiza shingo, na mi maumivu makali yaliisha kama wiki ya 8 hivi. Nguvu ndo ilichelewa, miezi mitano nzima, nikianza na kusukuma ukuta mara 10 asubuhi na 10 jioni. Saivi meza ya cherehani nimeipandishia tofali kila mguu ili kazi inifuate usoni, kila nikimaliza shati moja nasimama, na ncha ya kidole cha kati bado ina ganzi kidogo nikiamka, ila sindano naisikia.