Neno la mwaka? Si "changamoto", tafadhali

Swali: "Shikamoo mwalimu. Wenzetu Ulaya kila mwisho wa mwaka huchagua neno la mwaka. Sisi Waswahili tukichagua, huoni 'changamoto' lingeshinda? Liko kinywani mwa kila mtu." Msomaji, Ujiji.

Marahaba. Desturi hiyo Wajerumani waliianza 1971. Wajapani, tangu 1995, huchagua herufi moja tu ya kanji (alama za maandishi yao, kila moja na maana yake), na mtawa wa hekalu la Kiyomizu, Kyoto, huiandika kwa brashi kubwa watu wakimtazama. Wale wa kamusi za Oxford mwaka 2015 walichagua kikaragosi cha simu kinachocheka hadi machozi. Si neno hata kidogo, lakini tuwaache.

Sasa hilo "changamoto" lako. Umenitonesha kidonda. Kamusi zimelieleza kuwa ni jambo linalomtia mtu hamu ya kujitahidi zaidi. Mwalimu akikupa hesabu ngumu ukakesha nayo, hiyo ni changamoto. Leo je? Mgonjwa haumwi, ana changamoto ya kiafya. Mlevi ana changamoto ya pombe. Chukua boti iliyozimika katikati ya Ziwa Tanganyika, usiku, upepo umekaza. Nahodha anapiga simu bandarini Kibirizi, Kigoma: "Tumepata changamoto ya injini." Haya, injini imefanya nini? Imeishiwa mafuta? Imepasuka? Imetumbukia majini? Fundi aliye nchi kavu hajui abebe spana au dumu la petroli. Maji yakianza kuingia, hiyo ni changamoto ya maji. Abiria wakianza kutoa shahada, changamoto ya abiria! Wakiokoka, watasimulia walivyozitatua changamoto. Wakizama, tutasomewa rambirambi "kufuatia changamoto iliyojitokeza".

Na shida, tatizo, kero, hitilafu, kikwazo, upungufu? Yote yamepigwa kumbo, na kila moja lilikuwa na kazi yake.

Ndugu yangu, neno linalofaa kila mwaka haliwezi kuwa neno la mwaka. Mwaka 2020 lilikuwapo "barakoa", vazi la uso la wanawake wa pwani, likahamia ghafla kwenye nyuso za watu wote. Mwaka 2021 "tozo". Aliyetuma pesa kwa simu hahitaji maelezo. Mwaka 2022 makarani wa sensa walizunguka na "vishikwambi", yaani tableti, na hata waliokuwa wakilicheka neno hilo wakalizoea. Ukiyasikia unajua ni mwaka gani na nani alilalamika.

Kwa Kigoma, mwaka 2024 ningeupa "kupumzisha". Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Matangazo yakasema ziwa linapumzishwa. Mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, watu wakasema limefungwa. Nalo ni neno la kubembeleza, sikatai (mvuvi naye alipumzishwa, likizo bila malipo), lakini angalau lilitaja jambo lililotokea, nasi tulilibishania kwa sababu tulilielewa.

"Changamoto" siwezi tena kulifukuza, limeshajenga na kuoa. Ukilazimika kulitumia, basi lifuatishe sentensi ya pili inayosema ni kitu gani kilichoharibika.