Maziwa ya oti ya dukani: maswali ya wasomaji

Maziwa ya ng'ombe yananijaza gesi na kunikimbiza chooni. Dukani nimekuta maziwa ya oti aina nne au tano, moja bei yake ni karibu mara mbili ya jingine. Nitazame nini kabla sijalipa?
*Msomaji, Nairobi*

Geuza pakiti usome nyuma. Mbele kuna picha ya shamba na maneno ya kuvutia. Nyuma kuna orodha ya viungo na jedwali la virutubisho, na hayo mawili yanasimamiwa na sheria.

Cha kwanza ni kalsiamu. Oti ni nafaka, na yenyewe ina kalsiamu kidogo sana, kwa hiyo ile utakayoikuta imeongezwa kiwandani. Tafuta miligramu 120 kwa kila mililita 100, kiasi kinachokaribia cha maziwa ya ng'ombe. Kwenye orodha itaandikwa kalsiamu kaboneti (E170) au fosfeti ya kalsiamu (E341). Pakiti nzuri huwa pia na vitamini D, B2 na B12, na chache zina iodini. Hapa ndipo bei inapodanganya: pakiti zenye nembo ya kilimo hai ya Ulaya mara nyingi ndizo ghali kuliko zote, na mara nyingi hazina kalsiamu wala vitamini hata moja, kwa sababu kanuni za kilimo hai haziruhusu virutubisho hivyo kuongezwa kwenye vinywaji vya aina hii. Baadhi ya viwanda hutia mwani wa baharini wenye kalsiamu nyingi. Ukiwamo, utauona kwenye orodha.

Kalsiamu iliyoongezwa huzama. Tikisa pakiti vizuri kila unapomimina. Asiyetikisa hunywa wiki nzima kisha anatupa kalsiamu yake pamoja na pakiti.

Cha pili ni protini. Maziwa ya oti yana takriban gramu 1 kwa mililita 100. Ya ng'ombe yana gramu 3.3 hivi, na ya soya gramu 3 au zaidi. Kwa anayeweka kidogo kwenye chai, tofauti hiyo haina uzito. Kwa ambaye glasi ya maziwa ndiyo ilikuwa kifungua kinywa chake, ni pengo kubwa: aongeze yai, maharage au karanga, au achukue soya.

Oti zenyewe huwa karibu asilimia 10, yaani gramu 100 kwa lita; kinachobaki ni maji, mafuta kidogo na chumvi. Mafuta ya kanola yasikutishe. Ndiyo yanayoleta weupe na uzito mdomoni, na pakiti isiyo na mafuta yoyote huwa na ladha ya maji-maji. Gamu ya gelani (E418) ipo ili mchanganyiko usijitenge. Ukikuta pakiti ya Ulaya imeandikwa "kinywaji" badala ya "maziwa", usiione kuwa ni bidhaa hafifu: sheria ya Umoja wa Ulaya imelihifadhi neno maziwa kwa yale yanayokamuliwa kwa mnyama, na mahakama yake ya juu ilisisitiza hivyo mwaka 2017.

Jambo moja zaidi, na ni la mfuko wako. Dalili unazoeleza zinafanana na za mtu ambaye utumbo wake hautengenezi laktasi ya kutosha, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Ikiwa ndivyo, huenda huhitaji oti kabisa. Wengi wenye hali hiyo hustahimili maziwa kidogo pamoja na chakula, na hustahimili mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, vizuri zaidi kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Yapo pia maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi, yenye protini yake yote. Lakini ukiona damu kwenye choo, au unapungua uzito bila sababu, nenda hospitali kwanza.

Mwanangu ana miezi 10 na daktari amethibitisha mzio wa maziwa ya ng'ombe. Je, nimpe maziwa ya oti? Na pakiti moja imeandikwa kuwa huenda ina chembe za maziwa.
*Mama, Leicester*

Mama, usimpe kama kinywaji chake kikuu. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto anahitaji maziwa yako au maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, yale anayoandikiwa na daktari. Maziwa ya oti yana protini na nishati pungufu mno kwa mwili unaokua kwa kasi hiyo. Kiasi kidogo cha kupikia uji au kupondea viazi kinaruhusiwa tangu miezi 6, mradi yasiwe na sukari iliyoongezwa.

Akitimiza mwaka, oti iliyoongezwa kalsiamu inaweza kuingia kwenye mlo wake, ila mtaalamu wa lishe anayemfuatilia ndiye aseme lini maziwa maalumu yaachwe. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji miligramu 350 hivi za kalsiamu kwa siku, ambazo ni kama mililita 300 za oti yenye miligramu 120. Hapo Uingereza chagua yenye iodini pia, maana maziwa ya ng'ombe ndiyo chanzo kikubwa cha iodini kwa watoto wa huko, na ukiyaondoa iodini nayo huondoka. Maziwa ya mchele usimpe hadi afikishe miaka 5, kwa sababu ya aseniki, sumu inayopatikana kwenye mchele. Wala usikimbilie maziwa ya mbuzi: protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huo hudhurika nayo pia.

Kuhusu onyo: maziwa yakiwa kiungo, sheria ya Uingereza inalazimisha yatofautishwe kwenye orodha, mara nyingi kwa wino uliokolezwa. Onyo la chembe ni la hiari. Kiwanda hulitoa kwa kuwa mashine zilezile hupitisha maziwa ya ng'ombe. Mwenye tatizo la laktosi anaweza kulipuuza. Wewe usilipuuze, chukua pakiti nyingine. Kumbuka kuwa kukosekana kwa onyo si uthibitisho wa usalama, kwa hiyo kama mwanao huathirika vibaya, muulize mtengenezaji.

Chai yangu ya maziwa ya oti wakati mwingine inakuwa nzito kama uji, wakati mwingine inakatika vipande vidogo vidogo. Naipika kama kawaida, kila kitu sufuria moja, na tangawizi.
*Msomaji, Tanga*

Hayo ni makosa mawili yenye sababu mbili, ingawa dawa yake ni moja.

Uzito unatokana na wanga. Kiwandani oti husagwa na maji, kisha hutiwa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, ndiyo maana ya dukani hayatelezi kama ya kusaga nyumbani. Ila wanga hauishi wote, na bado kuna nyuzinyuzi za beta-glukani na gamu. Ukichemsha kwa dakika 10 kama ulivyozoea, vyote hivyo vinavimba, vinashika chini ya sufuria na vinaungua.

Kukatika kunatokana na asidi ikikutana na joto kali. Majani ya chai yaliyochemka sana huwa na asidi, tangawizi inaongeza, na protini chache za oti zinashikana na kujitenga. Kahawa kali hufanya hivyohivyo.

Kwa vikombe vinne fanya hivi. Chemsha vikombe viwili na nusu vya maji na tangawizi iliyopondwa, iliki na mdalasini kwa dakika 8. Tia majani vijiko vidogo viwili, acha dakika 2 tu, kisha epua na uchuje. Pembeni pasha kikombe kimoja na nusu cha maziwa ya oti kwa moto mdogo mpaka mvuke uanze kupanda na kidole kisivumilie, nyuzi 60 hadi 65. Yasitokote. Sasa mimina chai ndani ya maziwa, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimwaga maziwa baridi juu ya chai inayochemka, tone la kwanza linakutana na asidi yote na joto lote kwa mpigo. Onja kabla ya kutia sukari, kwa maana oti ina utamu wake. Ukipenda ndimu, basi kunywa chai ya rangi. Ndimu na maziwa haya havipatani.

Kwa chai na kahawa, pakiti iliyoandikwa "barista" inafaa fedha yake. Ina mafuta karibu asilimia 3, wakati ya kawaida ina nusu ya hapo, na mara nyingi ina fosfeti ya potasiamu (E340) inayotuliza asidi. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu au fosfeti aiepuke hiyo, achague isiyo na namba E340 wala E341, na amwoneshe daktari orodha ya viungo.

Nina kisukari. Pakiti imeandikwa haina sukari iliyoongezwa, lakini jedwali linaonyesha gramu 4. Nani mkweli?
*Msomaji, Maskati*

Wote wawili. Hakuna aliyemwaga sukari. Vimeng'enya ndivyo vilivyougeuza wanga kuwa sukari iitwayo maltosi humo humo kiwandani. Baadhi ya pakiti za Marekani huiandika kwenye mstari wa sukari iliyoongezwa, ilhali za Ulaya huiandika kama sukari ya kawaida ya bidhaa, na kinywaji chaweza kuwa kilekile.

Maltosi hupandisha sukari ya damu haraka kuliko laktosi ya maziwa. Glasi ya mililita 250 yenye gramu 4 kwa mililita 100 inakupa gramu 10 za sukari, na wanga wote pamoja unaweza kufika gramu 16. Mililita 50 ndani ya kikombe cha chai ni gramu 2 tu. Kwa hiyo kwenye chai hakuna tatizo kubwa. Kwa glasi nzima, hasa ukiwa na njaa, lipo, na uihesabu kwenye wanga wa siku. Zipo sasa pakiti za oti zenye sukari chini ya gramu 1. Usizishangilie kabla ya kusoma mstari wa wanga wote, maana sukari ikishuka na wanga ukabaki palepale, mwili utaumeng'enya wenyewe. Kwako wewe, soya isiyo na sukari ni chaguo bora zaidi: wanga kidogo na protini mara tatu.

Mimi nina seliaki. Oti si ngano, basi niko salama?
*Msomaji, Toronto*

Bado. Seliaki ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, hudhuru utumbo. Oti hulimwa, husafirishwa na husagwa mahali palepale panapopita ngano na shayiri, na vumbi kidogo linatosha kukudhuru. Chukua ile tu iliyoandikwa kuwa haina gluteni, yaani chini ya miligramu 20 kwa kilo. Kagua pia kama kuna kimea cha shayiri kwenye viungo. Wagonjwa wachache hudhurika na avenini, protini ya oti yenyewe, hata iwe safi namna gani. Kwa sababu hiyo Australia na New Zealand hairuhusiwi kuandika kwenye bidhaa yenye oti kwamba haina gluteni. Kama umegunduliwa hivi karibuni, muulize daktari wako kwanza. Wengi huanza bila oti mpaka utumbo upone, kisha huijaribu kwa usimamizi.

Pakiti ikishafunguliwa inakaa siku ngapi? Umeme kwetu hukatika.
*Msomaji, Mombasa*

Ile isiyofunguliwa ya kwenye rafu hukaa nje ya friji hadi tarehe yake, mbali na jua. Ukishafungua, ni friji na siku 4 au 5, kama pakiti haisemi vingine. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu. Kwenye joto la pwani, ikikaa nje zaidi ya saa mbili usiihesabu tena kuwa salama. Kujitenga tabaka mbili ni kawaida, tikisa tu. Harufu ya uchachu au pakiti iliyovimba, mwaga. Ukigandisha haiharibiki, ila ikiyeyuka huwa na chenga, kwa hiyo itumie kwa uji au maandazi. Penye umeme wa mashaka, nunua pakiti ndogo za mililita 250 ikiwa zinapatikana, hata kama kwa lita zinakuwa ghali kidogo.