Mdogo wako asiende kisiwani kwa kuiga tivii

Dada yangu, umeuliza kama zile shoo za kuishi porini peke yako ni za kweli, maana mdogo wako wa kidato cha pili anataka kulala kisiwani na kisu tu. Pole kwa presha hiyo.

Kweli ipo, ila imepangwa. Mwaka 2007 ilifichuka kwamba Bear Grylls, kwenye Man vs. Wild, shoo yake ya kuishi porini, kuna siku alilala hotelini, na chelezo kimoja kilikuwa kimeshaundwa na wataalamu, kikafumuliwa, ndipo akarekodiwa akikiunda. Baadaye watazamaji wakaanza kuambiwa wazi kuwa anasaidiwa. Hilo mwonyeshe mdogo wako, lakini usimcheke. Hamu yake ni nzuri.

Kinachoniumiza ni ziwa letu, Viktoria, lenye hivyo visiwa. Kwenye tivii mtu anachota maji anakunywa, kamera inazima. Huku kwetu kichocho hata hakisubiri unywe: vijidudu vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi ukiwa umesimama tu kwenye maji ya ufukweni, na huoni kitu. Bado mamba. Bado kiboko, anayetoka usiku kula majani palepale kijana alipotandika.

Mpeleke Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi karibu na Mwanza, jioni, wavuvi wa dagaa wakijiandaa kuingia ziwani. Amtazame mzee anayeweka dumu la maji ya kunywa mtumbwini kabla hajagusa kasia, halafu amuulize kwa nini. Akitaka kulala nje, aanzie uani kwenu wikiendi hii, na chandarua.